Mzee alisema “mbichi”, wao wakampeleka baharini

Katika nyumba moja ya Ngamiani, Tanga, usiku wa Ijumaa haukuwa na mjadala. Baada ya Isha na chakula, mkeka ulitandikwa uani, taa ikavutwa kwa waya mrefu kutoka dirishani, na watu wanne wakakaa wakitazamana wawili wawili. Mzee alicheza na mjukuu wake wa kike. Mwanawe Mzee, ambaye ni karani, alicheza na mjukuu wa kiume. Mke wa karani hakushika karata hata siku moja. Yeye alikuwa hakimu wa ugomvi, na ndiye aliyesimamia adhabu, kwa kuwa nyumba ile haijawahi kuweka hata shilingi juu ya karata. Waliofungwa waliosha vyombo.

Wapo majirani waliosema karata ni mlango wa kamari, na kuna nyumba ambamo ni kweli. Hapa zilikuwa darasa la hesabu. Mchezo wao ulikuwa wahedi wa sitini, na binti alijua kujumlisha kichwani kabla mwalimu hajafika huko. Ree ina pointi 11, seti ina 10, mzungu wa nne 4, mzungu wa tatu 3, mzungu wa pili 2. Jumla ni 30, mara shupaza, kopa, uru na pau, unapata 120. Upande unaofikisha 61 umeshinda. Karata za nane, tisa na kumi huwekwa kando, zinabaki 40, kila mchezaji anapata 10. Garasa hazina pointi, lakini mchezaji mjanja anajua lini garasa ni lulu. Majina yenyewe mengi yametoka kwa Wareno. Waliipoteza Ngome ya Yesu kule Mombasa mwaka 1698, lakini shupaza, kopa, uru, pau na turufu zao zipo hadi leo kwenye baraza za pwani.

Mzee alikuwa na miaka 71 na mdomo wa karata. Akitupa ree alipiga mkeka kwa kiganja mpaka kuku wanashtuka bandani, na mjukuu wake wa kike, ambaye kwa utani wa babu na mjukuu alimwita “mke mdogo”, alijua kumjibu kwa jicho tu.

Mwezi mmoja kabla ya Ramadhani, asubuhi, kikombe cha chai kikamponyoka. Mkwewe alikiokota akidhani ni bahati mbaya, akainua uso, akaona mdomo wa Mzee umekwenda upande.

Kiharusi kikipiga upande wa kushoto wa ubongo, mara nyingi huchukua mkono na mguu wa kulia pamoja na maneno. Ndivyo ilivyokuwa. Baada ya wiki tatu hospitali Mzee alirudi nyumbani kwenye kiti cha magurudumu, mkono wa kulia umelala pajani kama kitu cha mtu mwingine. Alielewa kila kitu. Tatizo lilikuwa kutoa. Neno lilianza, likakwama, likatoka nusu, au likatoka jingine kabisa, naye akajua kuwa si lenyewe, akanyamaza kwa hasira.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliwaambia mkono usiachwe kulala siku nzima. Apewe kitu cha kufanya, hata kidogo, kila siku. Aliwaachia mpira laini wa kuminya. Siku ya tatu Mzee aliutupa kwa mkono wa kushoto kwenye banda la kuku, na alilenga vizuri.

Ijumaa zikapita. Mkeka ulibaki umekunjwa nyuma ya mlango, karata juu ya kabati. Hakuna aliyesema kwamba mchezo umekufa; watu walianza tu kulala mapema. Kijana, ambaye ana miaka 15, alihamia kwenye simu. Karani alirudi kazini saa kumi na mbili, akamsalimia baba yake, “Shikamoo baba,” akapewa kichwa kilichotikiswa, akaenda kuoga.

Aliyevunja ukimya ni binti. Jioni moja mama yake alimkuta mbele ya babu yake na brashi ya kufulia imegeuzwa, nywele juu, na karata tano zimechomekwa humo zikasimama wima kama askari. Alikuwa ameona kwamba mkono mmoja hauwezi kushika karata na kuzichagua kwa wakati mmoja. Brashi ikashika, babu akachagua. Tatizo likawa mahali pa kuiweka. Kwenye sinia juu ya magoti, iliteleza. Kwenye kigoda, ilikuwa mbali. Mezani kwao hakukuwa na jibu, maana meza ya kulia ilikuwa na ubao mpana chini ya uso wake na kiti cha magurudumu kiligonga hapo kikasimama, Mzee akabaki mbali na meza kwa urefu wa mkono.

“Babu anataka meza yake,” binti akasema baba yake aliporudi.

Hapa lazima isemwe jambo ambalo kila mtu mtaani alilijua. Mzee alikuwa seremala. Si fundi wa kubahatisha. Milango ya nyumba nyingi za barabara zile imetoka mikononi mwake. Na mwanawe pekee hakufundishwa hata kushika randa. Alipokuwa mdogo akisogelea vumbi la mbao, alifukuzwa: “Nenda kashike kalamu.” Akashika kalamu, ikamlea, ikalea na watoto wake. Sanduku la vyombo lilikuwa chini ya kitanda cha Mzee, limefungwa kwa kufuli, na hata baada ya Mzee kuacha kazi hakuna aliyeligusa.

Mke wa karani alitoa ushauri wa busara: wamwite fundi, apime, atengeneze, basi. Ada ya muhula ilikuwa imekaribia, na mtu asiyejua kazi huharibu mbao mara mbili. Karani akasema atajenga mwenyewe. Alipoulizwa kwa nini, alisema ni kubana matumizi. Mkewe hakubishana, lakini hakuamini pia.

Jumamosi alikwenda kununua mbao. Alitaka mtiki, kwa kuwa Muheza si mbali na shamba la mitiki la Longuza liko huko huko, na kwa sababu alijua mtiki ni mbao nzuri, jambo ambalo ndilo pekee alilolijua. Mchuuzi akamwonyesha mbao za inchi moja kwa sita, sawa, zinang’aa, bei nafuu kuliko alivyotarajia. Bei nafuu ilipaswa kumwambia kitu. Akachukua za kutosha kwa uso wa futi tatu kwa tatu, na za mbili kwa tatu kwa ajili ya miguu, akarudi nazo juu ya mkokoteni akiwa na furaha ya mtu aliyepunguziwa.

Mzee alikuwa uani. Karani akamwekea ubao mmoja mapajani, kama mtoto anayeonyesha ripoti ya shule. Mzee akaugonga kwa kifundo cha kidole. Akausogeza puani. Uso ukakunjamana, akatafuta neno kwa muda mrefu, mishipa ya shingo ikasimama.

“Bichi,” akasema.

Lilikuwa neno lake la kwanza lililo wazi kwa siku nyingi. Wote wakaacha walichokuwa wakifanya.

“Bichi?” karani akauliza.

“Bichi! Bichi!” Mzee akapiga ubao.

Basi nyumba ikashangilia. Mzee anataka kwenda bichi! Tangu atoke hospitali hakuwa ametoka nje ya uzio, na daktari alishasema hewa nzuri itamsaidia. Kesho yake, Jumapili, karani alikodi bajaji mbili, moja ya watu na moja ya kiti cha magurudumu, wakaenda Raskazone. Mke wa karani alifunga chapati. Mzee alivishwa kofia mpya. Kiti kilipofika kwenye mchanga magurudumu yakazama, vijana wawili wapita njia wakasaidia kukibeba, na Mzee akawekwa kuitazama bahari akiwa amekasirika kuliko bahari yenyewe. Alikataa chapati. Alikataa dafu. Kila alipoulizwa anataka nini alifunga macho.

“Labda amemkumbuka bibi,” kijana akasema, maana bibi yao, aliyefariki miaka sita iliyopita, alipenda kuja pale. Wakakubaliana kuwa ni hilo. Ni rahisi kumwelewa mgonjwa asiyeweza kukubishia.

Karani alianza kazi jioni za wiki ile. Kufuli la sanduku alilifungua mbele ya baba yake, kwa heshima, akimwomba ruhusa. Mzee alitikisa kichwa bila kusema ni ndiyo au siyo. Ndani mlikuwa na randa mbili, patasi za upana mbalimbali zimefungwa kwenye kitambaa chenye mafuta, msumeno, tupa, keekee ya mkono, na penseli bapa iliyobaki kidogo. Vyote vilikuwa vikali. Vyombo vya fundi huyu vilikuwa vimelala vikiwa tayari kwa kazi.

Alikata mbao sita za futi tatu. Akapaka gundi ubavuni, akazipanga moja kando ya nyingine, akazibana kwa kamba na kabari kama alivyoona video ikifanya. Akaziacha juani zikauke haraka. Miguu akaikata inchi 27, kwa kuwa alikuwa amepima magoti ya baba yake akiwa kwenye kiti na kuongeza nafasi ya kutosha. Siku ya nne uso wa meza ulikuwa umeshikana, umenyooka, na mke wake mwenyewe akasema, “Kumbe.”

Siku ya kumi na mbili, karani aliporudi kazini alimkuta kijana amesimama juu ya ile kazi akicheka kwa kujizuia. Meza ilikuwa imejikunja. Kingo mbili zimeinuka, katikati imezama, na mahali pawili gundi imeachia, mwanga unapita. Ukiweka chungwa ukingoni linabingirika lenyewe mpaka katikati.

“Mtumbwi,” kijana akasema.

Mzee alikuwa hatua tatu tu kutoka pale. Alinyoosha kidole cha mkono wa kushoto kwenye ule mtumbwi, akavuta pumzi, akalitafuta neno upya, na safari hii midomo ikakutana kwanza kama inavyotakiwa.

“Mmm-bichi.”

Binti ndiye aliyeshika kichwa. “Mbichi! Babu alisema mbao ni mbichi!”

Wanasema mke wa karani alicheka mpaka akakaa chini. Mzee naye alicheka, upande mmoja wa mdomo, machozi yakimtoka, na huo ulikuwa ucheko wake wa kwanza tangu kikombe kile kianguke. Karani hakucheka. Alikuwa amepoteza pesa, gundi na jioni nane, na alikuwa amempeleka baba yake kutazama bahari kwa nguvu.

Alibaki uani baada ya wengine kuingia ndani. Mzee naye hakutaka kuingizwa. Na hapo, bila kupanga, karani akalisema lile alilokuwa nalo tangu utoto: “Ungenifundisha, baba. Nilikuwa nakuja kila siku karakanani. Ungenifundisha hata kidogo tu.”

Mzee hakuwa na maneno ya kujibu hilo, na huenda hata akiwa mzima asingekuwa nayo. Alimkazia macho mwanawe kwa muda. Kisha akaushika mkono wa karani, akaugeuza kiganja juu, akakipapasa kwa dole gumba. Kilikuwa laini, kiganja cha kalamu. Cha kwake, hata baada ya miaka ya kupumzika na miezi ya ugonjwa, kilikuwa bado na sugu, na kidole cha shahada cha kushoto kiliishia kwenye fundo la kwanza, kazi ya msumeno wa miaka mingi iliyopita. Akakiachia kile kiganja. Halafu akanyoosha mkono sandukuni, akachukua patasi, akaigeuza mpini mbele, akampa.

Somo likaanza usiku ule ule.

Mzee alimwelekeza aziweke mbao zile zimesimama, atazame kichwa cha kila ubao pale ulipokatwa. Pale kuna mistari ya duara, umri wa mti. Karani alikuwa amezipanga zote duara zikiangalia upande mmoja. Ubao unapokauka huvutana, na huvutana zaidi upande wa nje wa mti kuliko upande wa moyo, kwa hiyo kila ubao hujikunja kidogo. Zikiangalia upande mmoja, mikunjo yote sita inajumlishana na kuwa mtumbwi. Ukizipanga kinyume, mmoja unacheka juu na jirani yake unacheka chini, zinazuiana. Mzee alionyesha haya yote kwa kiganja kimoja, akikikunja juu, chini, juu, chini, mpaka mwanawe akasema “Aaa!” kwa sauti ya mtoto.

Lakini mbao za mtiki zilihitaji kukaa kivulini, zimepangwa kwa vijiti katikati ili hewa ipite, kwa majuma mengi. Jua halikaushi ubao, linautesa. Mzee hakutaka kusubiri. Alielekeza kidole kwenye stoo.

Ndani ya stoo, nyuma ya magunia, kilikuwepo kitanda. Kilifunguliwa siku Mzee alipoletewa kitanda cha chini kinachofaa mgonjwa. Mifumbati miwili, vitakizo viwili, matendegu manne, vyote vya mninga, alivyovichonga mwenyewe mwaka aliooa. Karani alizaliwa juu yake. Mama yake alifia juu yake.

“Hapana, baba,” karani akasema. “Hicho hapana.”

Mzee akaendelea kunyoosha kidole.

Walibishana siku tatu, kama inavyowezekana kubishana na mtu anayejibu kwa kidole. Karani alileta hoja zote: ni kumbukumbu, atakitumia kijana akioa, watu watasema nini. Mkewe alimaliza kesi. Alikuwa anapepeta mchele, hakuinua hata kichwa. “Kitanda ni cha nani?” aliuliza. “Cha baba. Basi. Wewe unakihifadhia panya.”

Hesabu ilikubali kama iliyoandikwa. Kila mfumbati ulikuwa na futi sita na nusu. Ukiondoa ncha zenye matundu na kuukata katikati, unapata mbao mbili za futi tatu. Mifumbati miwili, mbao nne. Kila kitakizo kilikuwa na futi nne, kikatoa ubao mmoja. Mbao sita, kila moja inchi sita, jumla inchi 36. Mbao kavu kabisa, ambazo zilikuwa zimemaliza vituko vyake kabla karani hajaanza shule. Msumeno ulipoingia, harufu ya mninga ikajaa uani, na Mzee akafumba macho.

Jioni zilizofuata nyumba ilikuwa na karakana. Kijana aliacha simu, mwanzoni kwa kuamriwa kushika upande wa pili wa ubao, baadaye kwa kutaka. Alikuwa na mkono mzuri wa randa kuliko baba yake. Maganda yake yalitoka marefu, yamejikunja, wakati ya baba yake yalitoka vipande. Mzee aliliona hilo, na karani naye aliona kwamba Mzee ameliona. Alimpa kijana randa kubwa, yeye akachukua msasa.

Ule mkono wa kulia nao ulipewa kazi. Mzee hakuuomba msaada, alihitaji tu uzito, hivyo aliuweka juu ya ubao ili usisogee wakati mkono wa kushoto unapiga mstari kwa penseli. Juma la pili vidole vilianza kukamata ukingo wa ubao. Hakuna aliyesema kitu. Binti alimkonyeza mama yake tu.

Uso wa meza haukupigiliwa misumari kwenye fremu. Mbao hata kavu hupumua, mvua zikija hutanuka kwa upana wake, si kwa urefu, na ukiifunga kwa misumari kila upande itapasuka. Mzee aliwafanya watoboe matundu marefu kwenye fremu, skrubu zikapita humo na nafasi ya kusogea. Ukingoni waliweka kipande chembamba kilichozidi uso kwa robo inchi, karata zisidondoke. Upande wa Mzee fremu haikuwekwa kabisa, ili magoti yapite. Kwa ile brashi ya kufulia walichonga mrithi: kipande cha kitakizo cha futi moja, kimekatwa mifereji miwili kwa msumeno, ya nusu inchi kwenda chini, imelala nyuma kidogo ili karata ziegemee. Mfereji wa msumeno ulikuwa mwembamba, karata zikakwama, binti akaupanua kwa msasa uliokunjwa mara mbili. Hiyo ilikuwa kazi yake peke yake na hakuruhusu mtu kuigusa.

Meza iliposimama walimsukuma Mzee mpaka pale. Magoti yakapita vizuri. Kisha, tap, mikono ya kiti ikagonga ukingo.

Karani alikuwa amepima magoti. Mikono ya kiti hakuipima. Miguu ile ya mtiki, iliyokwisha kukauka na kuchongwa, ilikuwa mifupi kwa inchi mbili na nusu, na hakuna fundi duniani anayeweza kukata mguu ukawa mrefu. Kimya kikashuka. Kijana akaenda stoo, akarudi na matendegu manne ya kitanda, akayaweka chini mbele ya babu yake bila neno. Wakakata kutoka kila tendegu kipande cha chini, kile cha mviringo, wakavitoboa katikati na kuvivika chini ya miguu kama viatu. Meza ikapanda. Kiti kikapita chini, Mzee akaegemea mninga wake kwa viwiko vyote viwili.

Watoto sasa wanakalia mito ili wafikie. Uso una alama ya duara pale mke wa karani alipotua birika la kahawa kabla vanishi haijakauka sawasawa. Alilaumiwa kwa siku moja, halafu ikaamuliwa kuwa hapo ndipo pa birika.

Ijumaa ya kwanza, turufu ilikuwa pau. Binti alimchomekea babu yake karata kwenye mifereji bila kuzitazama, na kwa kumwamini tu, maana ni mshirika wake. Mzee akachomoa kwa mkono wa kushoto, polepole, akaweka mezani: ree ya kopa. Zamu ya kijana. Akatupa seti ya kopa.

Pointi 21 kwa mkono mmoja. Binti akapiga makofi. Mzee hakusema kitu. Mchezo ukaendelea, na mizunguko minne baadaye kijana akatoa mbili ya kopa.

Mzee akausitisha mchezo kwa kuweka kiganja juu ya karata. Akaitazama ile mbili. Akamtazama kijana. Mwenye mbili ya kopa mkononi hatupi seti chini ya ree ya mpinzani, labda awe mjinga, na kijana huyu hakuwa mjinga. Alikuwa amemhurumia babu yake. Uso wa Mzee ukawa mwekundu. Akazifagia karata zote sakafuni.

“Che-za!” akasema.

Kijana akainama kuziokota, masikio yanamwaka. Karani alitaka kuingilia, mkewe akamshika bega. “Samahani, babu,” kijana akasema kutoka chini ya meza. Mzee akaashiria karata zichanganywe upya.

Safari hii walicheza. Kijana alikata seti ya babu yake kwa turufu bila kupepesa. Karani alificha ree mpaka mwisho. Mzee alikosea mara moja, akajua, akajipiga paji la uso. Hakimu akahesabu: upande wa baba na mwana 66, upande wa babu na mke mdogo 54.

“Basi, vyombo nitaosha mimi,” mke wa karani akasema akiinuka. “Baba apumzike.”

Mzee alikuwa ameshaachia breki ya kiti. Binti akamsukuma hadi bombani, akaanza kuosha na kumpa. Babu yake aliipokea sahani kwa mkono wa kushoto, akaiweka pajani, akaukunja mkono wa kulia juu yake ili isiteleze, vidole vikashika ukingo, akaanza kufuta.